KUSIMIKA SEVA YA MATINI KATIKA MASHINE YA KUKODI: MAELEZO KWA WATUNZAJI WA KAMUSI NA NYARAKA ZA KISWAHILI

0. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna idara ya chuo kikuu, isiyo na fundi wa kompyuta wala chumba cha mitambo, inavyoweza kusimika seva yake katika mashine ya kukodi, ili kamusi na matini ilizozikusanya zisomwe na watu walio mbali. Hatuwaandikii wahandisi, ambao wana vitabu vyao. Tunawaandikia wanaisimu, wanafasihi na watunza nyaraka walio na kadi za maneno, kanda zilizonukuliwa na faili zilizochapwa kwa miaka mingi, na ambao wangependa kazi hiyo itoke katika kabati la ofisi.

Msomaji ana haki ya kuuliza jambo hili linaihusu nini taaluma ya Kiswahili. Jibu tunalipata katika historia ya mji wa Lubumbashi wenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji ulioitwa wakati huo Elisabethville, kwa Kiswahili cha watu wa mji huo. Maandishi hayo yalitolewa na kuchambuliwa na Johannes Fabian katika kitabu kilichotoka mwaka 1990, na baadaye yakawekwa katika intaneti pamoja na matini nyingine za Kiswahili cha watu wa kawaida, katika hifadhi iliyotunzwa na Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kwa njia hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi aliweza kusoma maneno ya wazee wa mji wake, ila maneno hayo yalimfikia kutoka kompyuta iliyoko Uholanzi. Wenzetu wa Amsterdam walifanya kazi ya kushukuriwa. Lakini hifadhi iliyo mikononi mwa mwingine hudumu kwa kadiri mwingine huyo anavyoweza kuitunza, na asiyejua kusimika hifadhi yake mwenyewe hana la kuchagua.

Hoja yetu ni moja. Mashine ya kukodi ni kitu cha kupita: yaweza kuharibika, kufutwa au kuungua. Vinavyopaswa kudumu ni vitu vitatu, navyo ni data, jina la tovuti na daftari la hatua zilizofuatwa. Kazi yote ya kusimika seva ifanywe kwa kuvitazama vitu hivyo vitatu.

1. Ufafanuzi wa maneno

Neno seva hutumika kwa maana mbili, na kuzichanganya huleta utata. Kwanza, seva ni programu inayokaa ikingoja maombi na kuyajibu. Pili, seva ni kompyuta ambamo programu hiyo inaendeshwa. Kompyuta moja yaweza kuwa na seva kadhaa za maana ya kwanza, kama ambavyo nyumba moja yaweza kuwa na watumishi kadhaa.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe. Programu maalumu ya usimamizi huigawa kompyuta moja kubwa katika sehemu nyingi, na kila sehemu hujiona kuwa kompyuta kamili yenye kichakato, kumbukumbu na diski yake. Fikra hii si mpya: kampuni ya IBM iliijaribu katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ilitangaza mfumo wa VM/370 ulioitumia kwa wateja wake. Jambo jipya ni biashara ya kuzikodisha mashine hizo kwa yeyote, kwa saa au kwa mwezi, kupitia intaneti. Amazon ilipoanza kutoa huduma hiyo mwaka 2006, njia ilifunguka kwa kampuni nyingi nyingine.

Hapo ndipo lilipoenea neno wingu. Msomaji asidanganywe na sitiari hii. Wingu ni majengo yenye kuta, nyaya, mitambo ya kupooza joto na walinzi mlangoni. Na kila mashine pepe iko katika jengo fulani, la mji fulani, chini ya sheria za nchi fulani.

2. Kuchagua mashine na mahali pake

Kwa nini idara isiweke kompyuta yake ofisini? Inaweza, lakini seva hutakiwa kuwa macho usiku na mchana. Katika miji yetu umeme hukatika, na muunganisho wa intaneti wa ofisi haukutengenezwa kwa kupokea wageni kutoka nje. Kukodi mashine ni kununua umeme usiokatika na njia pana ya mawasiliano. Mashine yenyewe ni nyongeza.

Kwa kamusi yenye vidahizo elfu hamsini na wasomaji mia chache kwa siku, mashine ndogo inatosha: kichakato kimoja au viwili, kumbukumbu ya gigabaiti 2, na diski ya gigabaiti 25 hadi 50. Kanda za sauti huhitaji nafasi kubwa zaidi, nazo hufaa ziwekwe katika hifadhi ya faili inayokodishwa kando.

Mahali pa mashine pana uzito wake. Mwanga husafiri ndani ya nyaya za kioo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Lubumbashi hadi Johannesburg, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 1,600. Hadi Paris ni zaidi ya 7,000. Kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 16 kwa mji wa kwanza wala 70 kwa mji wa pili, na ukurasa mmoja waweza kudai safari nyingi za namna hiyo. Hata hivyo nyaya hazifuati mstari ulionyooka, na ujumbe wa kwenda kusini waweza kuzungushwa kwanza Ulaya. Hapana budi kupima kutoka ofisini kwenyewe, kwa programu iitwayo ping, kabla ya kulipa. Tangu mwaka 2019 kampuni kubwa za Marekani zilianza kufungua vituo vyao Afrika Kusini, hivyo uchaguzi upo.

Kuhusu mfumo endeshi, tunapendekeza Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kwa kuwa hautozi ada na ndio uliozoeleka zaidi katika kazi hii. Ubuntu ni mojawapo ya matoleo yake. Matoleo ya Ubuntu yenye alama ya LTS hutoka kila baada ya miaka 2 na hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka 5. Debian nayo yafaa. Jambo la kuzingatia ni muda wa matengenezo; mvuto wa toleo jipya mno usimshawishi mtu.

3. Kufunga kabla ya kufungua

Mashine ikishapewa anwani katika intaneti, haingoji kutangazwa. Zipo programu zinazozunguka mtandao mzima zikijaribu kila mlango, nazo huifikia mashine mpya katika muda mfupi sana. Kwa sababu hiyo ulinzi hutangulia kila kitu, hata kabla ya kuweka neno moja la kamusi.

Hatua ya kwanza ni ufunguo. Mashine ya mbali huongozwa kwa SSH, njia ya mawasiliano iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995, baada ya manenosiri kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake. Programu ya ssh-keygen hutengeneza funguo mbili zinazolingana. Ule wa siri hubaki katika kompyuta ya mwenyewe na haupelekwi popote. Ule wa wazi huwekwa katika mashine ya mbali. Atakayetaka kuingia hutakiwa kuthibitisha kwamba anao ule wa siri, bila kuuonyesha.

Hatua ya pili ni kutengeneza mtumiaji wa kawaida. Linux huja na mtumiaji mkuu aitwaye root, asiyezuiwa na lolote. Kufanya kazi ya kila siku kwa jina lake ni sawa na kutembea sokoni na funguo zote za chuo. Mtumiaji wa kawaida akishapewa ufunguo wake na ruhusa ya kuomba mamlaka inapobidi, kuingia kwa nenosiri kuzimwe, na kuingia moja kwa moja kwa jina la root kuzimwe pia. Dirisha lililotumika kufanya mabadiliko haya lisifungwe hata kidogo mpaka dirisha la pili limefunguliwa na kuthibitika kwamba njia mpya inapitika. Anayelifunga mapema hujifungia nje.

Hatua ya tatu ni ukuta wa kinga. Kila mashine ina milango ya mawasiliano yenye namba hadi 65535, na seva ya matini huhitaji mitatu tu kwa wageni: namba 22 kwa SSH, 80 kwa mawasiliano ya wazi ya tovuti, na 443 kwa mawasiliano yaliyofumbwa. Katika Ubuntu programu ya ufw hufanya kazi hii. Mlango 22 uruhusiwe kwanza, kisha ukuta uwashwe. Kinyume chake humkatia mwenye mashine njia yake mwenyewe. Hatimaye, marekebisho ya usalama yaagizwe kujiweka yenyewe kila siku, maana mwalimu mwenye mitihani ya kusahihisha hatakumbuka.

4. Watumishi watatu wa maktaba

Baada ya ulinzi ndipo huja seva zenyewe. Mfano wa maktaba utatusaidia. Yupo mpokezi mlangoni, yupo mkutubi anayejua vitabu, na lipo ghala ambamo msomaji haruhusiwi kuingia.

Mpokezi ni programu ya Nginx, iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004. Hupokea kila ombi, hutoa mwenyewe vitu visivyobadilika kama picha na mitindo ya kurasa, na maombi mengine huyapeleka ndani. Uwezo wake wa kushika maelfu ya miunganisho kwa kumbukumbu ndogo huwafaa wasomaji wetu, ambao aghalabu hutumia simu na mtandao wa polepole: yeye ndiye anayengoja, na mkutubi haendi kusimama mlangoni.

Mkutubi ni programu tumizi, yaani ile iliyoandikwa kwa ajili ya kamusi yenyewe. Ikiwa imeandikwa kwa lugha ya Python, huendeshwa ndani ya Gunicorn, programu inayoweka wafanyakazi kadhaa wa kujibu maombi kwa pamoja. Waandishi wa Gunicorn hupendekeza idadi ya wafanyakazi iwe mara mbili ya vichakato, kuongeza mmoja. Kwa mashine ya kichakato kimoja, basi, wafanyakazi 3. Mambo mawili yasisahaulike hapa. Kwanza, Gunicorn isikilize katika anwani 127.0.0.1, yaani ndani ya mashine tu, ili mgeni asiweze kumruka mpokezi. Pili, iendeshwe kwa jina la mtumiaji wake yenyewe asiye na mamlaka mengine. Mwizi akiipenya, atajikuta katika chumba kimoja, si katika nyumba nzima.

Ghala ni hifadhidata. Tunapendekeza PostgreSQL, iliyotokana na mradi ulioanzishwa na Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Nayo hukaa ndani, katika mlango 5432, ambao hatukuufungua kwa wageni katika sehemu iliyotangulia.

Watumishi hawa hawaamki wenyewe. Mfumo wa systemd, uliomo katika Ubuntu na Debian, hupewa faili fupi kwa kila mmoja ikieleza aanze lini, kwa jina la nani, na afanyiwe nini akianguka. Mashine ikizimwa na kuwashwa, wote hurudi kazini bila mtu kuguswa usingizini.

5. Jina na cheti

Msomaji hapaswi kukariri namba za anwani. Idara hununua jina la kikoa, au huomba tawi la jina la chuo chini ya kikoa cha nchi, ambacho kwa Kongo ni .cd. Katika orodha ya jina hilo huandikwa anwani ya mashine. Siku mashine itakapobadilishwa, anwani itaandikwa upya katika orodha, na msomaji hatahisi lolote. Hii ndiyo sababu tulilitaja jina miongoni mwa vitu vitatu vya kudumu.

Kisha hutakiwa cheti, kinachomthibitishia msomaji kwamba jina aliloliita ndilo lililomjibu, na kuwezesha mawasiliano kufumbwa njiani. Zamani vyeti viliuzwa ghali. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo. Vyeti vyake vilianza na muda wa siku 90, na mwelekeo ni kuufupisha zaidi. Kwa hiyo kazi ya kuvihuisha isiachiwe mtu: programu ya certbot iagizwe kuifanya, na wahusika wahakikishe kwa jaribio kwamba agizo linatekelezwa.

6. Suala la herufi

Hapa mwanaisimu ana la kumfundisha fundi. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu kama Kifaransa, na wengi hudhani kwamba hakileti tatizo lolote. Tatizo lipo katika neno kama ng'ombe. Alama iliyo kati ya g na o yaweza kuingizwa kwa namna tatu: alama iliyonyooka ya taipureta, alama iliyopinda ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe, au herufi maalumu ambayo Unicode imeitenga kwa kazi hiyo. Jicho huona kitu kimoja. Hifadhidata huona maneno matatu. Msomaji atafutaye ng'ombe kwa alama ya simu yake ataambiwa neno halimo, hali limo.

Dawa ni kuchagua umbo moja, kuyageuza maneno yote yawe ya umbo hilo yanapoingizwa, na kuligeuza vivyo hivyo swali la msomaji kabla ya kutafuta. Hifadhidata nzima itumie usimbaji wa UTF-8 tangu siku ya kuundwa. Aidha, umbo asilia la maandishi litunzwe kando, kwa kuwa kwa matini kama ya Yav tahajia ya mwandishi ni sehemu ya ushahidi. Kuisanifisha bila kuihifadhi ni kuifuta.

7. Nakala za akiba

Tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka Strasbourg, Ufaransa, katika majengo ya kampuni ya OVHcloud. Jengo moja liliteketea lote, na jingine liliharibika kwa sehemu. Tovuti nyingi zilitoweka, na baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao za akiba nazo zilikuwa katika eneo lililoungua. Wingu liliungua, pamoja na mwavuli uliotegemewa.

Funzo lake ni kwamba nakala iliyo mahali palepale na asili haijawa akiba. Kanuni inayokubalika na wengi ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Kwa idara yetu hilo si gumu. Kila usiku programu ya pg_dump huandika hifadhidata yote katika faili moja. Faili hiyo, pamoja na kanda na picha, hupelekwa kwa kampuni nyingine katika nchi nyingine. Na mara moja kwa mwezi nakala hushushwa katika diski iwekwayo kabatini chuoni. Kabati tulilotaka kazi itoke, sasa litairudia kwa faida.

Nakala isiyowahi kujaribiwa isihesabiwe. Kila muhula, mashine mpya ikodiwe kwa siku moja, nakala ifunguliwe humo, na vidahizo vihesabiwe. Hesabu ikilingana, mashine ifutwe.

8. Daftari na umiliki

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila amri iliyotolewa katika hatua zote zilizotangulia iandikwe, pamoja na sababu yake, kwa mpangilio ule ule. Nakala ya kila faili ya mipangilio iwekwe pamoja na daftari hilo, isipokuwa manenosiri na funguo za siri, ambazo hutunzwa mahali pake. Aliye na daftari na data huijenga seva upya kwa siku moja, katika mashine yoyote, kwa kampuni yoyote. Asiye nalo ni mpangaji asiyeweza kuhama.

Tunamaliza na jambo ambalo si la ufundi, na ambalo huua hifadhi nyingi kuliko moto. Mara nyingi mashine hukodiwa kwa kadi ya benki ya mwalimu mmoja, jina la kikoa husajiliwa kwa anwani yake ya barua, na ufunguo hukaa katika kompyuta yake. Mwalimu huyo akihamishwa, akistaafu au akifariki, malipo hukoma. Kampuni hutuma maonyo kwa anwani isiyosomwa tena, kisha huifuta mashine. Jina nalo, muda wake ukiisha, laweza kununuliwa na mgeni. Hakuna aliyekosa uaminifu, na kazi ya miaka ishirini imetoweka.

Kwa hiyo mkataba na jina viwe vya chuo, anwani ya mawasiliano iwe ya ofisi, watu wasiopungua wawili wawe na funguo zao wenyewe, na malipo yaingizwe katika bajeti ya idara kama yanavyoingizwa ya karatasi na chaki.

9. Hitimisho

Tumeeleza jinsi ya kuchagua mashine, kuifunga, kuweka mpokezi, mkutubi na ghala, kuipa jina na cheti, kuangalia herufi, na kutunza nakala. Mtu mwenye subira aweza kuyafanya haya katika juma moja, nasi tunaona ni vyema juma hilo watumie watu wawili, mmoja akiandika amri na mwingine akiandika daftari, kisha wabadilishane. Vizazi vilivyotutangulia vilihifadhi lugha kwa kuwa waliyoyajua waliyasema mbele ya watoto. Seva haibadilishi sharti hilo. Idara inayotaka kuanza ianze na mambo mawili yasiyohitaji fundi: itafute faili zake zote ziko wapi, na iamue ni watu gani wawili watakaopewa funguo.